Ua la Njano Kaburini kwa Mama

Kiangazi hiki nilitoka Kitaji nikaenda Bukima kupaona tena pale nilipolelewa na bibi. Ndugu yangu, sikupatambua. Nyumba imebaki ukuta mmoja, na nyuma yake, kwenye kaburi la mama, hakuna hata jani. Nilisimama hapo jua likinichoma kisogo, na jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu likanirudia lote.

Mama alifariki kabla sijaanza shule. Bibi alikwenda Butiama, alikokuwa akiishi mama, akakata kijiti cha ua lake la kutambaa, lile lenye vikombe vya njano, akaja nacho kimefungwa kwenye kitambaa kibichi. Akakipanda upande wa kichwani pa kaburi na kukijengea kichanja. Baada ya mvua mbili tatu kichanja chote kilifunikwa.

Shida ilikuwa kiangazi. Bibi alizika chungu chenye tundu kando ya shina ili maji yavuje taratibu mpaka kwenye mizizi, juu akatandaza majani makavu ya migomba. Maji ya kuoshea mboga yalikwenda kwa bogonvilia za mbele ya nyumba. Ua la mama lilipewa maji safi ya ziwani, ndoo moja kila jioni, na mchotaji nilikuwa mimi. "Likichanua," bibi alizoea kusema, "naonaga kama amekuja kutusalimia."

Nilikuwa na miaka tisa. Mpaka leo nikisikia harufu ya dagaa walioanikwa juu ya mawe naikumbuka njia ile: mchanga unaounguza nyayo, maji yanayochuruzika mgongoni, shingo inayouma. Mwaka huo mvua zilichelewa sana. Ziwa lilirudi nyuma, njia ikawa ndefu zaidi. Bibi naye aliumwa miguu, akawa hatoki barazani. Nikaanza kumwaga nusu ya maji njiani. Baadaye sikuchota kabisa. Nilikaa kwenye jiwe kando ya njia mpaka muda upite, nikarudi na ndoo tupu kwa kuzunguka nyuma ya nyumba. Bibi akiuliza kama nimenyweshea, nilimjibu ndiyo.

Miguu ilipopata nafuu alikwenda nyuma ya nyumba, akakuta matawi yamekauka, yanavunjika kwa kidole. Chini kulikuwa na kinyesi cha mbuzi. Mbuzi walikuwa wa jirani yetu, rafiki wa bibi tangu wote wawili walipoolewa kijijini hapo. Wanawake hao walianika muhogo kwenye mwamba mmoja, na aliyepata samaki alimgawia mwenzake. Bibi alimfuata uani kwake, mimi nikiwa nyuma nimeshika kanga yake.

"Mbuzi wako wamemla mwanangu," akasema.

Jirani alinitazama mimi, akanitazama sana. Kisha akainamisha kichwa. "Nisamehe, dada."

Bibi hakusamehe. Hawakusalimiana tena, hata kanisani. Bibi alipofariki, jirani alikaa uani kwake siku zote za msiba, hakuthubutu kuvuka kuja kwetu.

Safari hii nilivuka mimi. Amezeeka sana, macho yamefifia. Alinitambua kwa sauti. Nikapiga magoti, nikamweleza yote. Akapapasa kiti chake.

"Nilikuwa nakuonaga pale kwenye jiwe," akasema.

"Mbona hukumwambia bibi?"

"Alikuwa amebaki na wewe tu. Angekuangaliaje tena?"

Alinishika kichwa akasema yameisha, ingawa sauti yake haikusema hivyo. Kisha akaniuliza kama bibi, zile siku za mwisho, aliwahi kumtaja. Ningeweza kumpa neno la kumfurahisha, na nililitamani. Nikamwambia ukweli: hakumtaja. Akaitikia kwa kichwa, akaomba nimsogeze kivulini.

Nilikuwa nimedhani nitatoka pale mwepesi. Nimerudi Kitaji na usingizi hauji vizuri. Ninachokiona ni jioni zile za baadaye: mioshi miwili ikipanda kutoka nyua mbili zilizo karibu hivi, wanawake wawili waliopendana, kila mmoja akila ugali wake bila mwenzake. Miaka yote ile nilikuwa nawaona, na nilikuwa nanyamaza.