Akala za baba mkwe na molekuli za mume wangu

Leo mume wangu msomi ameokolewa na akala.

Mnamjua Ekiru. Baba yake hutupa juu akala zake, vile viatu vya tairi, aone zimeangukaje, akuambie mambo yako yatakuwaje. Ekiru husema huo ni ujinga.

Sasa leo walimu wa chuo walikuwa wanamhoji kwa simu, wampe nafasi ya kusoma zaidi. Nafasi ni moja tu. Amesimama nje, maana ndani hapa kwetu Lodwar mtandao haushiki. Mimi na mtoto mgongoni, naomba asilie.

Wakamwambia, "Tueleze kwa maneno rahisi, mwanga wa leza unavunjaje molekuli?"

Ekiru akageuka huku na huku.

Pembeni baba yake anamtupia akala zake, aone kama nafasi ataipata.

Ekiru akaziangalia. "Ni kama kutupa akala," akasema. "Mkono ukibadilika kidogo tu, zinaanguka tofauti kabisa. Molekuli pia, zikianza na tofauti ndogo, moja inavunjika, nyingine inabaki. Kutupa mara moja hakukuambii kitu. Kwa hivyo kompyuta inatupa mara elfu, tunahesabu zilizovunjika."

Nikasikia wakicheka huko, kicheko kizuri.

Mzee akanigeukia. "Mama Akai, kumbe chuoni anasomea kazi yangu?"

Majibu ni Ijumaa.

Jioni hii Ekiru ametoka polepole, akakaa karibu na baba yake. "Baba, hebu tupa tena."

Mzee akavaa akala zake. "Si umesema mara elfu? Mkono umechoka. Tumia kompyuta."

Mimi nacheka huku namwombea. Nyinyi je?