Kompyuta Iliyosoma Saa za Kwetu

Mwaka nilioajiriwa karani katika mradi wa mifugo mjini Garissa, ofisi yetu ililetewa kompyuta ya kupeleka barua pepe Nairobi kwa laini ya simu. Haikuwa na picha wala kipanya. Ilikuwa skrini nyeusi yenye maandishi meupe, na kila ulichotaka kifanyike uliandika amri. Ilitoka Marekani, na saa yake ikabaki huko. Sisi tukinywa chai ya saa tatu asubuhi, yenyewe ilisema ni saa saba usiku. Daktari wa mifugo, mkubwa wetu, alizoea kunitania nipunguze sauti, mashine imelala.

Utani ulikuwa na hasara yake. Kompyuta ilipangiwa kupiga simu Nairobi yenyewe kila siku saa mbili asubuhi, lakini asubuhi ya Marekani ni jioni kwetu. Barua zilifika saa kumi, wenzetu wa Nairobi wakifunga madirisha, na majibu yakangoja kesho.

Siku moja nikampigia fundi wa Nairobi anieleze jinsi ya kuiweka kwenye saa za Kenya. Akanisomea amri herufi kwa herufi: TZ, alama ya sawasawa, EAT, kisha laini ikakwaruza, nikasikia "tatu" na simu ikakatika. Nikawaza kwamba Kenya iko mbele ya Greenwich kwa saa tatu, basi ni kujumlisha tu. Nikaandika TZ=EAT+3 kwenye faili ya mipangilio, nikaizima mashine na kuiwasha tena, kisha nikaandika date, amri ya kuiuliza tarehe na saa.

Ikajibu 09:00, na nje jua lilikuwa limeshapinda.

Nilijua nimekosea. Lakini dereva wetu alikuwa amesimama nyuma yangu akitazama. Alikuwa mzee wa rika la baba yangu, nami nilimwita adeer, yaani baba mdogo, naye akiniita adeer vilevile, kama ilivyo desturi ya Wasomali.

"Saa tisa," akasoma taratibu. Akageukia saa ya ukutani, iliyoonyesha tatu. "Adeer, hii imesema kweli. Ni saa tisa."

Nikaanza kucheka. Maisha yake yote, kama sisi sote, alikuwa akiona tatu na kutamka tisa, na leo kuna mashine iliyoandika vile anavyotamka. Daktari akaja kuhakikisha. Tukavuta viti, tukaisubiri saa kumi kama watu wanaotafuta mwezi wa Idi. Ilipoandika 10:00, mwenye duka la jirani naye aliitwa aone, akaja na mkono umejaa unga wa ngano. Nilirudi nyumbani Galbet nikitabasamu njia nzima, na mama alipouliza kuna nini, nilishindwa kumweleza kwa kucheka.

Kesho yake kompyuta ilitakiwa kupiga simu saa mbili. Kwa kuwa mpango wake uliandikwa 08:00, yenyewe ikatulia mpaka saa nane mchana, ndipo ikapiga. Baadaye kidogo fundi akapiga simu kuuliza nimeifanya nini. Nilipomsimulia alicheka hadi akakohoa.

"Dada, huiambii uko mbele kiasi gani," akasema. "Unaiambia ifanye nini ili ifike Greenwich. Itoe tatu."

Nikabadilisha alama moja tu, kujumlisha ikawa kutoa, na kompyuta ikaja Kenya. Adeer alisikitika waziwazi. Basi fundi akanifundisha jambo jingine, kwamba naweza kuandika TZ=EAT+3 kabla ya neno date, nikapata jibu hilo moja bila kuharibu mpangilio. Tangu hapo adeer hakupita mezani kwangu bila kuuliza saa, wala sikumjibu kwa mdomo; niliandika amri ile asome mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata marekebisho hayo, barua zilienda kwa wakati. Kabla ya adhuhuri jibu lilikuwa limeingia: chanjo ya mbuzi tuliyoiomba kwa ajili ya wafugaji wa Ijara imeshapakiwa, inakuja. Nilimsomea daktari kwa sauti, naye akaniambia nisome tena. Adeer hakungoja mara ya pili. Alishachukua funguo, akatoka kwenda kujaza mafuta.