Mtori wa Sikudhani

Mwaka 1947 Kornelia alijifungua binti katika chumba cha kupanga huko mjini, mtaa wa Majengo. Mlima aliuona kutoka mlangoni, lakini mama yake, aliyekuwa Mwika, juu huko mlimani, hakufikika, kwa kuwa masika ilikuwa imekata barabara ya huko. Kwao mzazi hulishwa mtori, ndizi na nyama zilizopondwa pamoja, na mama yake ndiye anayeupika. Kornelia alilia akijua ataukosa.

Sikudhani, mwanamke wa pwani, mke wa fundi cherehani wa chumba cha pili, alimsikia. Alikwenda sokoni kuwauliza wanawake wa Kirua, wauza ndizi wa upande wa karibu wa mlima, mtori hupikwaje, akarudi na ndizi kichwani. Jioni aliingia na bakuli la mtori wa moto.

“Kunywa, shoga. Nimeponda mpaka mkono umekufa ganzi.”

Kornelia alionja. “Dada, umetia nini humu?”

“Tui la nazi. Kwani ninyi mnatia nini?”

“Maziwa!”

“Basi ng’ombe wangu anakaa juu ya mnazi.”

Walicheka mpaka mtoto akaamka. Tangu hapo bakuli lilikuja kila jioni.

Barabara ilipofunguka, mama alishuka na mtori wake. Kornelia aliuonja, akamtazama kwa haya.

“Mama, mbona hujatia nazi?”