Saa Hutolewa Alhamisi na Ijumaa

Ukipeleka saa kwa fundi huyu, uliambiwa urudi Alhamisi au Ijumaa. Siku nyingine hazikuwepo. Saa ya mkononi iliyoingia maji, Alhamisi. Ya ukutani iliyochoka kugonga, Ijumaa. Watu walidhani ni utaratibu wa kazi, labda mafuta ya saa yanataka siku zake, nao wakauheshimu. Ndiyo maana Jumatatu palikuwa kimya, na Alhamisi foleni ilifika hadi kwa muuza vitasa wa jirani.

Ukweli ni kwamba fundi alikuwa na kigugumizi tangu utoto, na J ilimkaba kuliko herufi zote. Siku tano za juma zinaanza na J. Mbili tu ndizo zilizomhurumia.

Alijifunza kupita pembeni. Hakusema "tayari", alisema "imepona". Hata mkewe, mshona sare za shule, fundi alimwita "ewe", naye mama akaitika miaka ishirini na sita bila kununa. Kila sentensi aliifungulia mlango kwa "eti", "ila" au "unajua". Muuza vitasa, mtu wa utani, akambandika jina la Vokali, kwa kuwa hatoki nje bila a, e, i, o, u. Fundi alicheka naye, ingawa jina lenyewe hakuweza kulitamka.

Basi binti yao wa pekee akachumbiwa. Katika ibada ya ndoa ya kanisa lao, baba husimama mbele na kutamka sentensi moja, peke yake, ndipo mchungaji aendelee: "Mimi baba yake, kwa moyo mweupe, namkabidhi binti yangu." Humo huwezi kupita pembeni. Maneno ni hayo hayo, na watu wote wanayajua.

Mdogo wake fundi, dalali wa nyumba mwenye sauti ya kuita mtu mtaa wa pili, alimjia mapema.

"Kaka, mimi nipo. Nitayasema neno kwa neno, hata walio barabarani watasikia. Wewe kaa kwenye kiti chako upate raha."

Alisema kwa upendo. Fundi akashukuru, lakini chakula kilimshinda.

"Unataka asimame yeye?" mkewe akamuuliza.

"Aa-a."

"Basi mwambie."

"Ila ni... nitamwaibisha mtoto."

Wiki tatu kabla ya harusi, mwalimu mstaafu, mama mtu mzima aliyefundisha darasa la kwanza miaka thelathini, alileta saa yake ya ukutani. Alipoambiwa Alhamisi, akavua miwani.

"Mwanangu, saa yangu ya mkononi uliniambia Ijumaa. Ya marehemu mume wangu, Alhamisi. Mbona husemi Jumanne hata siku moja?"

Fundi akajaribu. "Ju... ju..." Akainamia bisibisi yake.

Muuza vitasa akadakia, "Mwalimu, huyo ni Vokali. Konsonanti hazimtaki."

"Konsonanti hazimkatai mtu," mwalimu akasema. "Chuoni tulikuwa na mkufunzi aliyependa kufukua maneno kama mtu achimbaye viazi. Alituambia konsonanti ni neno la Kilatini, limezunguka kwa Waingereza ndipo likatufikia. *Con* ni pamoja, *sonare* ni kutoa sauti. Herufi inayosikika ikiwa na mwenzake. Wale wa zamani waliona kwamba b ikiwa peke yake haina pumzi. Hata kuitaja tu, lazima uitilie irabu. Na vokali nalo ni la huko huko. Maana yake ni la sauti."

"Kumbe nimempa jina la heshima bure," muuza vitasa akasema. "Hebu nirudishie, niligawe kwa mwingine."

Mwalimu alitabasamu, ila macho yake yalikuwa kwa fundi.

"Kanisani ukiimba, unakwama?"

Akatikisa kichwa kukataa.

"Na sala tunayosali wote?"

Akatikisa tena. Jambo hilo alilijua tangu utoto, wala hakuwahi kulifikiria kuwa msaada.

"Sema nami. Jumanne."

"Jumanne," wakasema wote wawili, nayo ikatoka laini kama uzi unaopita kwenye tundu la sindano. Muuza vitasa akaacha kufuta vitasa vyake.

Fundi alipomsimulia mkewe, kesho yake mke akaenda kwa mchungaji kuomba baba na mama waseme pamoja.

"Kitabu kinasema baba," mchungaji akajibu.

"Kinasema baba kwa kuwa mama hakuulizwa. Aliyembeba miezi tisa si kitabu."

Mchungaji akacheka, akachukua kalamu. *Mimi* ikawa *sisi*. Wakafanya mazoezi kando ya cherehani, mke akikanyaga pedali, mume akishika karatasi, na kila mara ilitoka bila doa.

Jumamosi ikafika. Wakasimama bega kwa bega mbele ya kanisa lililojaa.

"Sisi wazazi wake, kwa moyo mweupe..."

Hapo mama akamtazama binti yake ndani ya shela, na machozi yakaziba sauti. Mdomo ulisogea, neno halikutoka. Fundi akabaki peke yake na herufi t imemganda kwenye meno.

Kwenye benchi la mbele mdogo wake akainuka nusu, tayari kumalizia. Fundi akamnyooshea kiganja, na mdogo wake akakaa.

"Tu... tu... tu..."

Angeweza kuuma midomo na kuinama, kama alivyofanya maisha yake yote. Alimwomba Mungu kimoyomoyo, akavuta pumzi, akaanza upya.

"Tu... tunamka... tunamkabidhi."

Binti alikuwa amemkazia macho baba yake, wala hakuwa na haraka.

"Bi... binti yetu."

Yalikuwa maneno matatu tu, lakini yalichukua muda wa mtu kufunga kamba za viatu vyote viwili. Mtoto mmoja aliuliza kitu kwa sauti, akanyamazishwa.

"Kanisa limepokea," mchungaji akasema, akageuza ukurasa.

Fundi akamshika mkewe kiwiko, maana kwa machozi yale asingeiona ngazi, wakashuka polepole kwenda kukaa.