Ramu Katika Nyumba ya Baba

Mwaka ule baba alipoacha pombe, mama alinipigia simu nikiwa kazini Mikumi akaniambia nisitengeneze vitonge vyangu vya Krismasi.

"Njoo na mchele, njoo na nyama," alisema. "Lakini chupa isiingie humu."

Nilimwelewa. Vitonge hivyo nilifundishwa na mpishi mkuu wa hoteli ninayofanyia kazi. Havihitaji oveni, na nyumbani Kilosa tuna jiko la mkaa tu. Unaponda biskuti, unachanganya na karanga zilizokaangwa na kusagwa, kakao, maziwa mazito ya kopo, na zabibu kavu zilizolala kwenye ramu, pombe kali ya miwa, hadi zikavimba. Unafinyanga, unavigaragaza kwenye nazi iliyokaushwa, unaviacha vigande. Mtaani kwetu walikwisha kuvizoea. Jirani yetu ni Mwislamu, kwa hiyo yeye nilikuwa nikimtengenezea vya tangawizi, tena kwenye bakuli lake mwenyewe.

Baba alikuwa mnywaji wa kimya. Hakupiga mtu, hakutukana. Alikuwa tu hayupo, hata akiwa amekaa nasi mezani. Katikati ya mwaka alianguka na baiskeli akitoka kilabuni, akalazwa, akarudi nyumbani amekonda. Tangu hapo hakugusa pombe. Hakuna aliyethubutu kumwuliza. Tulimpitia pembeni kama mtu aliyejitwika ndoo iliyojaa pomoni.

Tatizo ni kwamba chupa nilikuwa nimeshainunua. Niliifunga ndani ya kitenge, nikaitia mkobani, nikashuka kwenye basi Kilosa, na kabla ya kufika nyumbani nikapitia kwa jirani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nilipomweleza shida yangu, aliutazama mkoba wangu. "Wewe ni mtoto wangu," alisema, "lakini hiyo hailali kwangu. Mpelekee baba yako umwambie. Ni mtu mzima."

Nikaenda. Baba alikuwa barazani akipukuchua mahindi. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akauliza nimefuata nini kwa jirani kabla hata sijatua mzigo.

"Nilitafuta pa kuweka chupa, baba. Ramu ya vitonge. Mama alinikataza nisije nayo."

Alipukuchua hindi lililokuwa mkononi hadi likabaki gunzi.

"Kwa hiyo mwaka huu watu wasile kwa ajili yangu?"

"Hatukutaka kukupa taabu."

"Taabu ninayo hata msiponipa." Akasogeza beseni la mahindi. "Lete bakuli la zabibu. Mimina yote, isibaki. Nataka nikae hapa nione kama nitaweza."

Mama alitoka jikoni aliposikia. Nilifungua chupa, na harufu ikaenea barazani kote. Baba alishika magoti yake kwa mikono miwili. Nilimimina haraka, lakini chupa ilikuwa kubwa na shingo yake nyembamba. Haikuwa imefika nusu alipoinuka, akaenda nyuma ya nyumba kwenye banda la kuku. Nilimaliza, nikafunika bakuli, mama akalichukua na kulifungia chumbani kwake.

Baba aliporudi, uso wake ulikuwa umelowa maji.

"Nimeshindwa," alisema.

"Umekaa hadi karibu nusu ya chupa," mama akamjibu. "Mimi nilidhani utaondoka akifungua tu."

Baba akacheka kidogo. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu atoke hospitali. Kisha akaomba kinu na mchi, akaponda biskuti zote hadi zikawa unga. Siku ya kufinyanga, mimi na mama tulifanya vya ramu jikoni, yeye akafanya vya tangawizi barazani. Vyake vilikuwa vikubwa kama ndimu na havikulingana hata viwili.

Krismasi, baada ya kanisa, alikuja mtu mmoja ambaye zamani alikuwa akinywa pamoja na baba. Mama alimpokea kwa heshima, lakini nilimwona akisimama karibu na mlango. Baba alimsogezea mgeni sahani mbili.

"Hivi vina ramu, hivi vina tangawizi. Mimi nakula hivi."

Mgeni aliangalia sahani zote, akachukua cha tangawizi. Akatafuna polepole.

"Usingizi unapata?" aliuliza.

"Sipati vizuri," baba alisema. "Ila asubuhi naamka najua niko wapi."

Mgeni alichukua kitonge kingine, pia cha tangawizi, akauliza ilikuwaje wiki ya kwanza, na ya pili. Baba akaanza kumweleza, mambo ambayo hata sisi hakuwahi kutueleza, jasho, mikono kutetemeka, hasira zisizo na sababu. Mama akaondoka mlangoni. Nilimkuta jikoni akiongeza mchele kwenye sufuria, akaniambia niandae sahani nyingine, mgeni anabaki.