Mpaka Mwezi Uishe

Mtu anayeuguza mguu uliopasuliwa huwa na haraka ya kuukanyaga. Ninamwelewa. Mimi nilikuwa na haraka kuliko wengi, kwa sababu kila siku niliyolala, mama mkwe wangu alikwenda kuteka maji mahali pangu, na kifua chake kilikuwa kibovu.

Ilikuwa wakati wa Mdachi, kiangazi kile reli ilipokuwa ikija kwetu Ugogo. Mto ukikauka, wanawake hufukua mchanga mpaka wayakute maji chini. Kiangazi kikiendelea, shimo nalo huzidi kwenda chini, hata aliye ndani humwoni. Nilikuwa humo nikichota kwa kata, ukingo ukaporomoka, na jiwe likanipata kwenye kifundo cha mguu. Mfupa ukatokeza nje ya ngozi. Dawa za miti zilipunguza maumivu, lakini kidonda kilioza, na nyumba yetu ya tembe haina pa kutolea harufu. Mume wangu, aliyekuwa kibarua kwenye tuta la reli, alikuja na wenzake wakanibeba kwa ngozi ya ng'ombe hadi banda la wagonjwa la kambi yao.

Daktari alikuwa Mdachi, yaani Mjerumani. Maneno yake yalipitia kwa mkalimani, mtu wa pwani mwenye kanzu, ndipo yakatufikia sisi tuliojua Kiswahili cha kununulia chumvi tu.

"Atakukata mguu," mkalimani alisema.

Nililia mpaka nikawekewa puani kitambaa chenye dawa. Nilipozinduka nilipapasa chini ya blanketi. Mguu ulikuwapo, umefungwa baina ya vibao. Alikuwa ameupasua na kutoa vipande vya mfupa uliokufa, basi.

Siku ya kurudishwa nyumbani, mkalimani alitupa agizo la daktari: "Usiukanyage mpaka mwezi uishe." Ndiyo kwanza kulikuwa kunapambazuka. Mama mkwe alitazama juu, akacheka kwa mara ya kwanza tangu niumie.

"Huo hapo, mwanangu. Umebaki ukucha."

Usituone wajinga. Mwezi tulioujua sisi ni ule wa juu, unaozaliwa na kufa machoni pa watu. Mwezi unaoanza siku yoyote Mzungu apendayo hatukuwa tumekutana nao. Basi tuliungoja ule wa kwetu ufe, nao haukukawia. Mwingine ulipoandama, mama mkwe akanichongea fimbo, na kesho yake asubuhi nikasimama.

Kwanza sikusikia kitu, nikafurahi. Nikapiga hatua ya pili kuelekea mlangoni. Ndani ya vitambaa kitu kikapinda, kama kijiti kibichi kinavyopinda kabla ya kuvunjika. Jua lilipotua vidole vilikuwa vimevimba na vitambaa vimelowa damu.

Tulirudi kambini. Daktari alifungua vibao, akasema maneno machache, makali.

"Anauliza nani alikwambia usimame," mkalimani alisema.

"Mwezi," mama mkwe alimjibu.

"Mwezi gani, bibi? Nilisema mwezi uishe!"

"Umeisha! Na mwingine umezaliwa. Au huko pwani kwenu hamtazami juu?"

"Mwezi wa kuhesabu, bibi! Siku zake!"

"Ungesema siku. Vidole vya kuhesabia tunavyo."

Mkalimani akanigeukia. "Anasema atakata tena."

Safari hii sikulia. Nilimuuliza: "Kukata kwa kupasua, au kukata kwa kuondoa?"

Hakuwa na hakika. Ilibidi amgeukie daktari, wakasemezana kwa muda, nami nikitazama midomo yao.

"Kupasua," alisema. "Ukioza tena, kuondoa."

"Na mwezi?" mama mkwe alidai. "Uwe na sura gani?"

Mkalimani akamjibu polepole, kwa adabu: "Leo una sura ya pembe za ng'ombe, bibi. Ujae, ufe, uje tena na sura hiyo hiyo. Ndipo asimame."

Ndiyo maana nawaambia wanaouguza miguu: uliza. Neno usilolielewa lirudishe kwa aliyelisema, hata kama amevaa kanzu nyeupe. Inua mguu juu ya kigoda, uwe juu kuliko kiuno. Chezesha vidole ijapokuwa vinauma. Kidonda kikiwasha, usikikune. Ni nyama inayoungana. Na ukikata tamaa, kata tamaa ukiwa umelala. Usisimame nayo.

Nilipasuliwa mara ya pili, nikarudishwa nyumbani, na nilikata tamaa mara nyingi. Nililala kwenye ngozi nikisikiliza kikohozi cha mama mkwe kikirudi kutoka mtoni. Nilikisikia kabla sijasikia nyayo zake. Kila alipoingia aliinama chini ya dari, akatua mtungi, akashika ukuta. Nilimwomba asiende.

"Tunywe nini, mate?" aliniuliza.

Baadaye hakuweza kuinuka. Majirani wakatugawia maji, kila mmoja kidogo, maana shimo lilikuwa limefika kwenye mwamba na maji yake yalitoka kidogo kidogo, yenye tope.

Jioni moja nilijikokota hadi mlangoni.

"Una sura gani?" aliniuliza kutoka ndani.

"Pembe za ng'ombe, mama."

"Basi kesho nenda. Nina kiu ya maji ya mkono wako."

Kifundo kilikuwa kimeungana kikawa kigumu kama mpini wa jembe; hakikupinda tena, wala hakipindi hadi leo. Niliweka matawi mabichi ndani ya mtungi ili maji yasiruke, lakini kila nilipochechemea yalinimwagikia shingoni. Nilifika nyumbani mtungi ukiwa mwepesi.

Alikunywa, akachungulia ndani. "Yako wapi mengine?"

"Njia imeyanywa, mama."

"Njia nayo ina kiu," alisema, akanirudishia kata.

Alikufa kabla ya mvua. Watu waliokuja kulia walikuwa wengi, na wote walihitaji kunywa. Wanawake walitaka kunipokea mtungi. Nikakataa. Nilikwenda mtoni na kurudi, nikaenda tena, nikimwaga njia nzima.