Mzee wa Kanzu Aliyekataa Kutembea

Juma lililopita nilikuwa kwenye foleni ya zahanati, huku kwetu Temeke, nikamwona karani wa dirishani akichora badala ya kuandika vyeti. Aliona katuni kwenye sinema ya uwanjani, na sasa anajifundisha kutengeneza yake. Kwenye pembe ya kila ukurasa wa daftari kachora mzee wa kanzu. Ukiziachia kurasa upesi kwa kidole gumba, mzee anasogea.

Akamwonyesha bibi aliyekuwa mbele yangu. Bibi akatazama mara mbili.

"Mjukuu wangu, huyu hatembei. Huyu anasukumwa."

"Miguu imo ndani ya kanzu, bibi. Haionekani."

"Basi nguo ndiyo itembee. Nitazame mie."

Bibi huyo, ambaye goti ndilo lililomleta, akatoka kwenye foleni, akatembea hadi mlangoni na kurudi, huku akilionyesha kwa kidole pindo la khanga yake. Kila hatua, goti lilisukuma nguo mbele, kisha pindo likabaki nyuma. Karani alikodoa macho, kalamu mkononi. Foleni nzima ilisubiri, na hakuna aliyeguna.

Jana tulikutana tena palepale. Kurasa zikaachiwa: pindo likacheza, mzee akaenda kweli! Mie naandika watu humu gazetini miaka yote, na hajainuka hata mmoja akatembea.

Ila mzee alikuwa akichechemea mguu wa kushoto. Karani alichora alichokiona.

Bibi akashika goti lake, akacheka.

"Masikini! Mwandikie cheti, amwone daktari kabla yangu."